Mbolea ya Ruzuku

Leo nimepita mbele ya duka la pembejeo pale Majengo, harufu kali ya mbolea ikanipanda puani, nikasimama.

Nilikuwa mtoto, kijijini kwetu Usevya, baba alipopata mbolea ya ruzuku ya serikali. Aliileta kwa baiskeli, akauegemeza mfuko kwenye zizi, akaenda kuoga. Mfuko ulikuwa umechanika pembeni. Punje nyeupe zilimwagika, na maksai wetu wawili wa kulimia wakaanza kuzilamba taratibu, ndimi zao zikikwaruza mfuko.

"Mama, ng'ombe wanakula chumvi!"

Mama alitoka jikoni mbio. "Watoe hapo! Hiyo siyo chumvi!"

Tuliwachapa, tukawavuta, hawakutaka kuacha. Haukupita muda, mmoja akaanza kutetemeka masikio, kisha miguu, povu likamtoka. Wa pili alianguka ubavu, tumbo limejaa kama ngoma. Baba alikuja na taulo kiunoni, maji yakimchuruzika, akapiga magoti, akamshika pembe.

"Inuka," alimbembeleza. "Inuka, bwana."

Hakuinuka hata mmoja.

Mvua ziliwahi msimu ule. Baba alilitazama shamba lote lile, akanikabidhi jembe la mkono.

"Kesho huendi shule," alisema.