Mikono ya Hina Golini

Ijumaa iliyopita nilitumwa ndimu. Mimi, baba mzazi wa bibi harusi na mwenye nyumba, nilisimama mlangoni pa chumba cha wanawake na kapu langu mkononi, nikapiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, maana ndani vilikuwa vigelegele juu ya vigelegele. Mlango ulipofunguka kidogo, kapu likanyakuliwa, mlango ukafungwa. Lakini harufu ilikuwa imeshatoka: hina mbichi, mafuta ya nazi, karafuu. Nikabaki pale ukumbini nikicheka peke yangu. Mke wangu akachungulia kuniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia, "Mama watoto, umesahau yale mafuta?" Naye akacheka mpaka akashikilia mlango asianguke.

Basi kaa nikuhadithie habari ya mafuta hayo, rafiki yangu, maana tangu Ijumaa yamenirudia yote, na nikinyamaza nitapasuka.

Mwaka ule binti yangu, huyu huyu niliyemwoza juzi, alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa kipa wa timu ya wasichana wa mtaa wetu hapa Msambweni. Mimi ni seremala, kwa hiyo magoli ya uwanja wao niliyachonga mimi, kwa fito za mvinje, bila malipo na kwa majivuno mengi. Nilipima kwa hatua zangu. Ilipita karibu mwaka mzima ndipo mwalimu wa michezo alipokuja na futi yake na kukuta goli limezidi upana kwa hatua nzima. Kumbe mwanangu alikuwa amejifunza kudaka kwenye goli pana kuliko yote ya Kwale. Nilitaka kulirekebisha, akakataa. Alisema amelizoea.

Na jinsi tulivyokuwa tukizipenda zile Jumamosi! Mke wangu aliamka na kuchemsha mihogo, akatia juisi ya ukwaju kwenye dumu la lita tano, nami nilifunga karakana mapema, mteja akasirike asikasirike. Sisi wazazi tulijipanga kando ya uwanja tukipiga kelele kuliko watoto wenyewe. Nilikuwa mtu mzima hovyo, nakiri. Mpira ukienda kushoto, nami nakwenda kushoto, na siku moja niliingia uwanjani kabisa bila kujijua, refa akanirudisha kwa mkono.

Mwaka huo timu ikafika fainali, dhidi ya wasichana wa Ramisi, kwao huko huko. Mwalimu wetu wa michezo, mtu wa bara ambaye hakuwa na habari ya harusi za watu, akakubali ichezwe Jumamosi asubuhi. Na Jumamosi hiyo hiyo dada yangu mdogo alikuwa anaolewa.

Aliyeisimamia harusi hiyo alikuwa mama yangu. Watoto walimwita bibi, nami nitamwita hivyo hivyo. Bibi hakuupinga mpira wa mjukuu wake kwa maneno. Aliupinga kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko matusi ya watu wengine. Alikuwa pia mpakaji hina aliyesifika. Waliotaka hina ya maana walimfuata kutoka mbali, na harusini watu walitazama kwanza mikono ya wajukuu wake, kisha ndipo wakamtazama bibi harusi.

Kwa asiyejua, hina ikishabanduliwa mikononi, kazi haijaisha. Hupakwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, tena na tena, ili rangi ikolee, na maji huepukwa kabisa. Ukiyagusa mapema, rangi hupauka, na mikono iliyopauka ni aibu ya aliyeipaka.

Nilimwendea Alhamisi, na shikamoo yangu ilikuwa na adabu kupita ya siku zote.

"Marahaba," akasema. "Wataka nini?"

Nikamweleza. Mechi ni asubuhi, nikahi ni baada ya alasiri, tutakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri.

"Mshika mawili, moja humponyoka," akasema.

"Hili halitaponyoka, mama."

Alipepeta mchele wake, akatupa punje mbili tatu. "Haya. Kesho atatiwa hina pamoja na wenziwe. Maji asiguse mpaka bibi harusi atolewe. Nataka mikono yake irudi vile itakavyotoka hapa."

Nikaapa. Ningeapa lolote siku ile.

Jumamosi asubuhi sufuria za pilau zilikuwa zimeshainjikwa uani, na binzari na mdalasini zimejaa mtaa mzima. Bibi akamwita mjukuu wake, akampaka mafuta kwa mara ya nne au ya tano, akimkanda kidole kimoja kimoja, kisha akamleta kwenye pikipiki yangu. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe la harusi, maana nilijua nitarudi mbio na kuingia moja kwa moja kwenye shughuli. Binti akapanda, akanishika mgongoni. Nilihisi joto la mikono yake, basi. Mtu ninayeishi kwa kazi ya mikono, sikuwaza lolote.

Ramisi ilinukia miwa iliyokatwa. Watu walikuwa wengi, ngoma zinalia, na mama mmoja alikuwa ameweka jiko lake la mihogo ya kukaanga nyuma kabisa ya goli, ili auze na aone. Moyo wangu ulikuwa unaruka hata kabla ya filimbi.

Mpira wa kwanza uliokuja golini kwetu ulikuwa wa kitoto, wa kukusanya tu kama kuku anayerudi bandani. Binti yangu aliinama akaukumbatia. Mpira ukapita katikati ya mikono yake ukaingia wavuni. Uwanja mzima ulicheka. Mimi sikuelewa. Dakika chache baadaye ukaja mwingine, akaudaka vizuri kabisa, ukamchomoka, na beki wetu akauokoa kwenye mstari. Nikamwona anaitazama mikono yake. Hapo ndipo mzazi mwenzangu aliyesimama nyuma yangu aliponigusa bega na kuniuliza nimeegemea nini. Nikavuta shati kwa mbele nikageuza shingo. Mgongoni palikuwa na vidole kumi vya mafuta, vyekundu kwa mbali, vimekaa safi kama muhuri.

Glavu hatukuwa nazo. Glavu tuliziona kwenye televisheni.

Mapumziko yalipofika, bado tuko nyuma kwa lile bao moja, mwalimu alinijia mbio. "Mzee, huyu kipa wetu leo ako na nini? Boli inamtoroka tu."

Nikamwambia ni mafuta ya hina.

"Si aoshe tu? Maji iko hapo."

Binti yangu akaficha mikono nyuma. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Bibi amesema nisiguse maji."

Mwalimu aliwatazama wale wasichana wengine akingoja wamcheke. Hakuna aliyecheka. Wote waliinamisha macho. Watoto wa hapa wanajua hina ni nini, na wanamjua bibi ni nani. Tulijaribu kumfuta kwa kanga, haikufaa kitu. Tulijaribu mchanga mkavu, ukagandamana na mafuta ikawa matope. Nami niliyeapa nilikuwa nimesimama pale, nina uwezo wa kumwamuru mwanangu aoshe, na nisithubutu. Angekosa kombe kwa ajili ya neno la bibi yake, na kosa lingekuwa langu mimi niliyetaka yote mawili.

Nikampigia simu mke wangu, nikamwambia ampelekee bibi uani. Nilisikia mifuniko ya sufuria, nikasikia watu wakinyamazishwa.

"Kuna nini?"

"Mama, mpira unamponyoka. Ni mafuta."

 Nikasikia mwiko ukigongwa ukingoni mwa sufuria.

"Amefungwa?"

"Moja, mama."

"Na huyo aliyemfunga, ni mtoto mwenziwe au ni mtu mzima?"

"Ni mtoto mwenziwe."

"Sasa mwangoja nini? Mwosheni. Na musimwoshe kwa maji matupu, mafuta hayatoki. Tafuteni ndimu na majivu."

"Na rangi, mama?"

"Hina hupakwa tena," akasema, na simu ikakatika.

Nilimkimbilia yule mama wa mihogo. Ndimu alikuwa nazo, bakuli zima, na majivu yalikuwa chini ya jiko lake. Alinitazama juu mpaka chini. "Wataka ndimu zangu uwafungie wanangu?" Hata hivyo alikuwa ameshachukua kisu anazikata. Alizikamua mwenyewe juu ya viganja vya mwanangu, akampaka majivu, akamsugua kama anasugua sufuria. Binti alikuwa na michubuko ya kudaka, na ndimu ilimchoma mpaka akawa anaruka kwa mguu mmoja, lakini hakutoa mikono. Ile rangi nzuri ya bibi ikawa inatoka na maji, nami naona. Alipomaliza, viganja vilikuwa vimepauka, rangi ya papai lisiloiva vizuri. Yule mama akampiga begani. "Haya nenda. Ukifungwa tena usiseme ni ndimu."

Kipindi cha pili sikukaa wala sikusimama, sijui nilikuwa nafanya nini. Walikuja na mashuti ya kweli sasa, na kila shuti lilikwama mikononi mwake kwa kishindo kikavu ambacho mpaka leo nakisikia. Tukasawazisha kwa kichwa, na wazazi tukaanguka pamoja rundo moja. Mechi ikaisha bao moja kwa moja. Wakaenda penalti.

Sasa likumbuke goli langu la mvinje. Mtoto aliyezoea kulinda uwanda mzima, golini pa watu pale alijiona yuko mlangoni kwao tu. Ya kwanza ilimpita. Ya pili akaipangua. Sitakudanganya, nilifumba macho kwenye ile ya mwisho, niliyeifungia karakana timu hii miaka miwili, nikaifumbia macho penalti ya mwisho. Nilisikia kishindo kile kikavu, kisha kelele, kisha nikajikuta nimembeba mwalimu wa michezo juu juu. Yule mama wa mihogo alikuwa anapiga vigelegele na yeye, akiwa mtu wa Ramisi kabisa.

Tulirudi mbio tumechelewa, mpira wa ushindi umefungwa kwenye kanga. Bibi alikuwa mlangoni. Binti akampa mikono yake. Aliigeuza, akainusa. "Ndimu," akasema. Wanawake walikwisha kusogea kutazama, na mmoja akaguna. Bibi akamshika mjukuu wake, akampeleka mpaka karibu na bibi harusi, akamkalisha mbele ya wote na mikono ile iliyopauka juu ya mapaja. Kila mgeni aliyeuliza alihadithiwa na bibi mwenyewe, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona penalti. Mwanzoni binti yangu alikuwa amedaka mbili. Chai ilipoletwa zilikuwa tano. Usiulize jioni bibi alitia chumvi kiasi gani.

Mimi aliniona mgongo. Alinitimua nikaazime kanzu kwa kaka yangu, nisiwaaibishe watu. Lile shati nililipeleka karakana, na kwa kuwa madoa hayakutoka, nikalifanya tambara la kupakia vanishi. Likaisha hivyo. Nimejuta sana kwa ujinga huo, rafiki yangu, kuliko kwa mbao zote nilizozikata vibaya.

Maana bibi hayupo tena, Mungu amrehemu, na uwanja wetu umejengwa nyumba, na magoli ya mvinje niliyang'oa mwenyewe. Wale wasichana wameolewa, wengine wako Ukunda, wengine mbali zaidi. Jumamosi mimi hufungua karakana mpaka jioni, kwa kuwa sina pa kwenda.

Basi Jumamosi iliyopita, kabla ya nikahi, niliitwa mlangoni pa kile chumba. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya nyeupe, na kofia. Mwanangu alitoka, miaka yake ishirini na sita, hina imemkolea mpaka kwenye viwiko, mafuta yanang'aa. Nilitaka kumpa dua niliyoitayarisha wiki nzima. Hakuningoja nimalize. Alinikumbatia akanishika mgongoni kwa nguvu, kama kwenye pikipiki, na wote wawili tukalia pale mlangoni bila haya.

Alipokwenda, mke wangu alinigeuza akaona. "Kabadilishe. Iko nyingine kabatini."

Nikamwambia sibadilishi. Nikaenda nikahini, nikakaa safu ya mbele kabisa, mgongo wangu umewaelekea watu wote. Kanzu ile nimeitundika karakana, juu, mbali na vanishi, na aiguse mtu aone.