Picha ya Kicheni Pati

Demetria alikuwa mwandishi wa gazeti asiyependa kuonekana. Kazi yake kubwa aliifanyia chumbani kwake, Kinondoni, akisoma makundi ya simu yanayohubiri kwamba nchi imeuzwa kwa Frimasoni na kila msaliti anastahili kufyekwa. Humo makundini alijiita Mama Neema. Jina hilo ndilo lililomlinda muda wote alioandika habari za watu hao, na nje ya chumba cha habari alimwambia mtu mmoja tu: Tupokigwe, rafiki yake tangu chuo.

Asubuhi moja picha yake ikatupwa kundini. Gauni jeusi, mshumaa mkononi, kichwa kimeinama. "Huyu ndiye Mama Neema. Mwandishi! Angalieni sare yao."

Kwanza alicheka. Ilikuwa kicheni pati ya binamu yake, sherehe ya kumfunda bibi harusi, wanawake peke yao, na kitambaa kile walichangishana wote. Halafu kicheko kikamkauka. Siku ile simu zilikusanywa mlangoni zikatiwa kapuni, ya ndani yasitoke. Kapu lilikuwa mapajani mwa Tupokigwe; ni yeye tu aliyeweza kushika simu.

Akamfuata saluni kwake, Temeke. Tupokigwe alikuwa akimsuka mteja.

"Karibu, shoga. Kaa, namalizia."

"Tupo, wamekulipa shilingi ngapi?"

"Hee! Mie nikuuze?" Akachomeka kitana kwenye nywele za mteja. "Nimewapa bure. Ulikuwa unanisimulia mambo yao wee, ukadhani nacheka na wewe. Nikaingia kujisomea. Wanasema kweli, Deme. Watakuombea mpaka utoke huko uliko."

"Wamesema nifyekwe."

"Wafyekwe wasaliti. Wewe utatubu."

Mteja akageuza shingo amtazame vizuri.

Demetria alishahoji watu wengi wa namna hii, kwa upole, akimuuliza kila mmoja alianza lini kuamini. Swali hilo sasa hakuliuliza, maana jibu alilijua: ilikuwa kitandani kwake, wakitafuna korosho, yeye mwenyewe akimsomea Tupo jumbe zao kwa sauti.

"Nipe ufunguo wangu wa akiba niliokuachia," akasema.

Tupokigwe akajifuta mafuta mikononi kwa kanga, taratibu.

"Ninao basi? Nishawapa. Jumapili wanakuja kwako kusali. Usiogope, shoga, na mie nitakuwepo."