Kwale Walionyamaza

Katika ofisi ya misitu walimwita Mama Kwale, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kupanda mlimani kabla jua halijachomoza, kusimama kituo kwa kituo penye vichaka na kuhesabu kwale kwa sauti zao. Kwale wa mlimani haonekani ovyo. Hushinda chini akichakura mizizi na wadudu, na ukimkaribia hutimua mbio kwa miguu; kuruka ni mpaka maji yamfike shingoni. Lakini alfajiri hawezi kujizuia. Dume huita kwa sauti nyembamba, kali kama bawaba isiyotiwa mafuta, na jike humdakia palepale.

Mwaka huo, kituo cha kwanza kilikuwa kimya. Cha pili, kimya. Akaandika sifuri, akaifuta, akaiandika tena. Ajabu ni kwamba vumbini palikuwa na vishimo vipya walimoogea, manyoya, hata nyayo za vifaranga. Wapo au hawapo? Siku ya tatu akamkumbuka shemeji yake, fundi seremala, ambaye ujanani alikuwa mtegaji.

Akamvamia karakanani. "Shemeji, umewamaliza ndege wangu!"

"Mimi?" Fundi aliweka randa chini. "Tangu nioe sijashika kamba ya mtego. Kesho twende wote, unioneshe."

Kesho yake wakasimama kituo cha kwanza. Fundi akatabasamu. "Si hao hapo?"

"Wapi?"

"Kushoto. Na kule juu wawili wanapokezana. Shemeji, kelele zote hizo!"

Mama Kwale alidhani anataniwa. Yeye alisikia upepo tu. Ndipo dume likatoka kichakani hatua kumi mbele yao, mdomo wazi, koo likitetemeka, na sauti haikumfikia.

Akaketi juu ya jiwe. "Nimekuita mwizi bure."

"Uliniita mabaya zaidi siku ya harusi yangu," fundi akasema, akamshika mkono kumwinua.

Daktari alisema ni umri. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Ofisi ikakubali fundi asikilize, yeye aandike. Hesabu ikatoka kubwa kuliko ya mwaka wowote. Mkuu wa ofisi akafurahi, kwale wameongezeka! Mama Kwale akafungua madaftari yake yote mezani, akayatazama mpaka chai ikapoa. Wameongezeka, au ni miaka mingapi alikuwa hawasikii?