Linux ya Wasomi Nyumbani kwa Shangazi

Nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanapeleka watoto wao kidato hichohicho, nilijiona nimekuwa mtu wa hatari. Juu yake nikaongeza kozi ya kompyuta ya miezi mitatu mjini Bukoba, jioni vilevile, na cheti chake kina muhuri mkubwa kuliko sahani ya wali. Nilikitembeza mtaani kwetu Nshambya kote. Hata ng'ombe wa jirani walikiona. Sisi Wahaya tuna neno ambalo Tanzania nzima inatucheka nalo: nshomile, yaani nimesoma. Wenye kiasi hulisema mara moja kwa siku. Mimi nililisema hata nikipiga miayo.

Kwa hiyo shangazi yangu aliponiita niiangalie laptop yake, nilikwenda kama daktari bingwa anayeitwa wodini.

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Alifundisha darasa la kwanza mpaka siku ya mwisho ya kazi, na tangu astaafu anachapa mitihani ya shule tatu za msingi za Muleba. Walimu wanamletea maandishi ya mkono, yeye anachapa, anatoa nakala, anafunga bahasha, zinapanda gari la asubuhi. Kazi hiyo ndiyo iliyofanya watu waendelee kumwita mwalimu badala ya bibi. Lakini laptop ilikuwa imezeeka kumshinda. Ukiiwasha, ulikuwa na muda wa kumenya mkungu mzima wa ndizi, kuupika, kuula na kumpeleka hospitali aliyevimbiwa, ndipo inakuuliza nywila.

"Mwalimu mkuu anayesimamia mitihani hiyo kaniambia," alisema shangazi, "mitihani isipofika Jumamosi, kazi yote anampa yule wa steshenari pale stendi. Leo Jumatano. Unaweza au huwezi?"

"Shangazi! Unaniuliza mimi? Tunaiondoa hiyo programu endeshi iliyomo, tunapiga Linux. Ya bure, nyepesi, itakimbia mpaka uifunge kamba."

"Hiyo Linux iko moja?"

"Ziko nyingi kama ndizi."

Hapo akakaa vizuri kwenye kiti. Mtu aliyezaliwa Kaagya, katikati ya migomba, humtishi kwa ndizi. "Basi ndizi kuna za kupika, kuna za kuchoma, kuna za pombe. Mimi nipe ya kupika. Ya kila siku."

Ndiyo. Mwanamke aliyelisikia neno Linux kwa mara ya kwanza alichagua sawasawa kwa nusu dakika. Mimi mwenye muhuri nilichagua vibaya, na nikahitaji siku mbili kulijua hilo.

Nilikuwa na flashi mbili. Ya kwanza ilikuwa na Mint, ambayo kila aliyeniandikia kwenye mtandao aliisifu kwa mtu kama shangazi: menyu iko pale pembeni chini alipoizoea, printa inaitafuta yenyewe, na unaweza kuionja kutoka kwenye flashi kabla hujafuta kitu. Ya pili ilikuwa na Linux moja ya wataalamu, ambayo ukimaliza kuiweka inakupa kioo cheusi na kukuachia ujenge mengine yote mwenyewe, kwa amri za kuandika.

Kosa la Mint lilikuwa moja tu: ilielezwa kuwa inawafaa wanaoanza. Wanaoanza! Nimpelekee shangazi yangu, mwalimu, dada wa baba yangu, kitu cha wanaoanza? Huku kwetu mtu akikuuliza mwanao yuko darasa la ngapi, unamtajia na shahada atakayosomea. Ningepita wapi?

Nikachomeka ya wataalamu.

"Ngoja," shangazi akanizuia. Akafungua pindo la khanga, akatoa flashi zake mbili. "Kwanza toa mitihani yangu. Weka kwenye hii, halafu weka kwenye hii."

"Mbili za nini, shangazi?"

"Moja ya kazi. Nyingine ya kunikinga na wewe."

Nilicheka sana. Alhamisi jioni sikuwa nikicheka. Laptop iliwaka haraka, hilo nilimwahidi na nikalitimiza. Iliwaka haraka, ikafika kwenye kioo cheusi chenye herufi nyeupe, ikasimama hapo kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Mtandao hakuna. Sehemu ya kuandikia hakuna. Jirani yetu, katekista mstaafu, akaingia akitafuna punje zake za kahawa, akachungulia begani kwangu.

"Mwalimu, hii laptop yako imefiwa? Mbona imevaa nyeusi?"

"Mzee, hii ni ya wasomi," nikamjibu. "Wasomi hawahitaji picha."

"Aah. Na printa je, nayo imesoma?"

Printa ilikuwa imenyamaza kama kikao kilichoulizwa nani atajitolea.

Shangazi hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Ijumaa asubuhi nilimkuta barazani na karatasi za mistari, anaunakili mtihani wa darasa la nne kwa mkono, mwandiko uleule wa ubaoni. Alikuwa amefika swali la sita. Maswali yalikuwa arobaini, na shule zilikuwa tatu.

"Nikiwapa nakala moja moja, labda watatoa kopi hukohuko," alisema bila kuniangalia. Hukohuko maana yake kwa yule wa stendi. Wote wawili tulijua.

Sikusema nshomile. Nilichomeka ile ya wanaoanza.

Kabla sijaifuta ile ya wataalamu, nilimwonjesha kwanza. Ndani ya dakika chache kulikuwa na rangi, menyu pembeni chini, na printa imejitambulisha yenyewe kwa jina lake kamili. Nikaiweka moja kwa moja. Mitihani yake ikafunguka. Jedwali moja la hisabati tu lilirukia ukurasa wa pili, akalirudisha mwenyewe.

"Kwa nini hii hukuiweka tangu juzi?"

"Shangazi... hii ni ya wanaoanza."

Akavua miwani. "Nimefundisha wanaoanza maisha yangu yote. Darasa la kwanza ukilikosea, mtoto anaharibika mpaka chuo kikuu. Hupeleki pale kitu cha kujionyesha. Unapeleka kile kilicho bora. Nani alikuambia ni cha aibu?"

Nikaenda kuongeza karatasi kwenye printa.

Jumamosi bahasha zote tatu zilipanda gari la Muleba, na saa nne mwalimu mkuu akampigia shangazi simu kuuliza kama mwalimu atapokea na mitihani ya muhula ujao. Lakini karatasi ya kwanza kutoka kwenye printa ile Ijumaa haikuwa ya Muleba. Shangazi aliichapa kujaribu wino, akanipa na kalamu:

"Swali la 1. Fundi ana Linux rahisi na Linux ngumu. Alichagua ngumu kwa sababu: (A) ni bora, (B) ni ya haraka, (C) mteja aliiomba, (D) ana cheti."

Nikazungushia D. Akaniwekea alama ya pata kwa wino mwekundu, na chini yake akaandika: Ajitahidi zaidi.

Nimeihifadhi pamoja na kile cheti. Haina muhuri, lakini ndio mtihani pekee wa kompyuta nilioufaulu bila kudesa kwa jirani.