Matundu ya Risasi Kwenye Ukuta wa Posta

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno, katikati ya mji wa Uvira palikuwa na majengo ambayo sisi wa mtaa wa Rugenge tulikwenda kuyatazama tu: ofisi za Wabelgiji, maduka ya njia ya bandarini, na posta yenye kuta nene. Uhuru ulikuwa umeshakuja, lakini mbele ya posta bado tulipita tukinong'ona.

Kisha wakaja waasi. Mganga wao aliwachanja vijana, akawamwagia maji ya dawa, akawaapia kwamba risasi zitageuka maji. Sharti lake: mwanamke asiwaguse. Hata chakula sisi wanawake na wasichana tuliwawekea chini, tukarudi nyuma, ndipo wakaokota. Kaka yangu Kashindi, ambaye ndevu zilikuwa hazijaanza kumwota, alichanjwa pamoja nao.

Siku moja alipita nyumbani na njaa. Nilifurahi mno kumwona, nikasahau masharti yao, nikampa sahani mkononi. Vidole vyetu vikagusana. Akacheka, akala. Kesho yake askari wa serikali wakampiga risasi mbele ya posta.

Mganga, aliyekwisha kusikia habari za sahani ile, alikuja msibani na hasira zake, akaniita mbele ya watu wote, akauliza kama ndimi niliyemgusa Kashindi.

"Njo weye ulimugusa?"

"Papa, nilimupatia bugali tu," nikamjibu kwa heshima.

"Basi njo weye ulimuua."

Kisha mganga akaketi akala, tena chakula kilichopikwa na wanawake! Mama hakunipiga wala kunitukana, ila tangu siku ile hakupokea kitu mkononi mwangu. Niliweka chini, naye akaokota.

Sasa nina wajukuu. Juzi nilimkuta kijana anayetembeza wageni mjini akiwaonyesha matundu ya risasi kwenye ukuta ule.

"Dawa ilikuwa na nguvu sana," aliwaambia, "ila banamuke njo baliiharibu."

Wageni wakaitikia, wakapiga picha. Damu ikanichemka.

"Nani alikuambia vile?"

"Bazee banasemaka vile, mama."

"Ule mwanamuke njo minye!" nikajipiga kifua. " Kaka yangu aliuawa na risasi. Na bongo ya mganga, vile alibadanganya."

Aliona haya kidogo, akawapeleka wageni wake kwenye jengo jingine. Nilibaki pale mbele ya ukuta. Kashindi nimemlia hadi machozi yakaisha. Lakini mama alikufa akiamini kwamba mkono wangu ndio uliomuua mwanawe, na hilo sijamsamehe mtu.