Nimefunga smart card reader nyumbani nikiwa eda, fundi akiwa nje ya pazia

Wakuu, salaam kwenu.

Huwa nasoma tu humu, leo ndiyo naandika. Haya yamenikuta mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Niko Kitangari, Newala. Elimu yangu form four. Mume wangu, Baba Rehema, amefariki hivi karibuni, kwa hiyo nipo eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Kwetu hakai chumba kimoja na mwanaume asiye ndugu.

Kazi yangu ni kuingiza taarifa za wakulima wa korosho kwenye mfumo. Msimu huu password peke yake haitoshi. Unachomeka kadi yenye chip kwenye reader, unaweka PIN, ndipo mfumo unafunguka. Kadi nilipewa kabla ya msiba, sikuwahi kuitumia.

Bosi wangu, mwanamke mwenzangu, alikuja kunipa pole akaniletea reader.

"Mama Rehema, ukiweza kuingia kabla ya Jumatatu, fanya kazi hapa hapa. Ukishindwa naweka mtu mwingine, na msimu ukianza siwezi kumtoa."

Hakusema kwa ubaya. Ila kazi hiyo ndiyo tunayoitegemea mimi na mwanangu sasa.

Nikachomeka reader kwenye kompyuta aliyoacha marehemu. Taa ikawaka. Nikaweka kadi.

Ikaandika hakuna kadi.

Nikaifuta kwa kanga, nikarudisha. Hakuna kadi.

Wifi yangu, Mama Shaibu, anakaa na mimi. Akamwita Fundi Issa. Fundi akakaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia, wifi mlangoni akipeleka maneno.

"Anasema u-install driver."

Nika-install, nika-restart. Hakuna kadi.

"Anasema badilisha tundu la USB."

Vile vile.

Wifi akachoka. "Fundi, mimi nimekuja msibani, sikuja kusomea kompyuta!"

Fundi akacheka. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu tuzike.

Akaomba reader, akaijaribu kwenye laptop yake kwa kadi yake ya benki. Ikasoma. Kumbe reader ni nzima.

"Basi nileteeni hiyo kadi."

Wifi akampelekea. Mara nikamsikia fundi: "Hii nani kaipiga lamination?"

Wifi akanitazama. Nikajibu mwenyewe kwa sauti, "Baba Rehema."

Ni kweli. Alisema vumbi la huku litaiharibu, akaipeleka stationery Newala mjini, akapunguza kingo kwa mkasi. Nailoni ilikuwa imeziba chip. Fundi angekuwa ndani, angeiona mara moja.

"Niichane?"

"Hapana. Nirudishie."

Niliichana mwenyewe kwa wembe, polepole. Wifi alitaka kunisaidia, nikamwambia aniache.

Nikachomeka. Ikaomba PIN.

Jumatatu nimeingiza wakulima wa kwanza. Bosi akatuma meseji: "Nimekuona kwenye mfumo. Endelea." Wifi kaisoma kwa sauti mara mbili, kama ni yake.

Nilichojifunza: kadi yenye chip usiipige lamination, hata kwa mapenzi. Reader ikisema hakuna kadi, kagua kadi kwanza kabla ya kuhangaika na driver.

Swali moja. Kompyuta ikilala, mfumo unanitoa mpaka nichomoe kadi nirudishe. Mwenye kujua anisaidie. Na kama kuna dada humu aliwahi kufanya kazi akiwa eda, aniambie alipangaje siku yake. Nitasoma zote.