Mti Ulioitwa Mwanaidi

Juzi jirani yangu alichemsha majani ya mpera, mtoto wake anaharisha, na ule mvuke mchungu ukaruka ukuta ukanikuta jikoni nakuna nazi. Nikakasirika. Msinicheke. Wenzangu harufu ya majani ya kuchemsha huwakumbusha mapenzi ya bibi zao. Mimi hunikumbusha kwamba niliwahi kuwa dawa ya upele.

Nilikuwa na miaka minane, tukiishi hapahapa Nguvumali, upele umenijaa mpaka katikati ya vidole. Bibi mzaa mama akaenda kwao Kigombe, akarudi na furushi la majani, akayachemsha, akaniogesha siku saba. Nikapona. Jirani wa kwanza alipouliza ni majani gani hayo, Bibi akajibu bila kupepesa macho kwamba yanaitwa Mwanaidi.

Mwanaidi ndiye mimi.

Mtaa mzima ukalidaka jina hilo. Wanawake wakawa wanabisha hodi na visufuria: naomba Mwanaidi kidogo, Mwanaidi wa jana alikuwa mwepesi, leo mchemshe sawasawa. Shuleni wakaulizana nani kapakwa Mwanaidi matakoni. Nami nilikuwa mtoto wa kuona haya hata mwalimu akiita mahudhurio.

Siku moja mama mmoja akaja kumtaka Mwanaidi mbele ya wenzangu wawili wa darasani. Niliinyanyua sufuria nzima nikaimwaga uani, nikamwambia Bibi anirudishie jina langu. Nilingoja kofi. Bibi akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akanieleza taratibu kwamba jina la mti wa dawa halitajwi ovyo. Ukilitaja, kesho unakuta shina limeng'olewa na mizizi iko sokoni. Ndiyo maana akauficha.

"Mbona kwa jina langu?"

"Nilitafuta jina la mtu asiyetoka nyumbani," akasema. "Nani atakwenda kumsaka porini? Ila wewe, mwanangu, Jumamosi twende Kigombe ukauone. Nikwambie na jina lake hasa."

"Siendi."

Sikwenda Jumamosi ile, wala nyingine zote alizoniita. Nilikuwa na hasira, na tuseme kweli, nilikuwa mvivu. Uvivu nikaupa jina la kulinda heshima yangu. Nilipomaliza kidato cha nne, Bibi akafariki ghafla, kati ya adhuhuri na alasiri.

Mwezi uliopita binti mmoja alibisha hodi, mtoto mgongoni anajikuna mpaka damu.

"Shikamoo mama. Nimeelekezwa hapa kwa Mwanaidi, yule wa upele."

Nikaitika marahaba, nikamwambia Mwanaidi ni mimi. Akanitazama miguuni mpaka utosini, halafu akachungulia nyuma yangu, akitafuta sufuria. Nikamwelekeza zahanati kwa ukali ambao hakustahili.

Ukali ule ulikuwa wa kumkasirikia Bibi, si yeye. Alinivuta sikio kwa kuunguza wali, akanivuta sikio kwa kuvaa kanga yake mpya. Alishindwa nini kunivuta sikio mpaka Kigombe? Nimechelewa sana kuelewa kwamba katika mtaa mzima, mtu pekee ambaye Bibi alitaka kumwambia jina lile ni mimi. Hakulazimisha. Aliniita tu, kila Jumamosi, akiwa ameshajifunga kanga ya safari, na mimi nimejilaza mkekani.

Mti pengine bado umesimama huko, na wasioujua wanaukata kuni. Mwanaidi yuko nyumbani.